Pikipiki ya mke wangu na motard anayenikosesha usingizi

Admin, naomba unifichie jina na picha, maana shemeji zangu wote wako humu. Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka thelathini na minane, mzaliwa wa upande wa Bukavu, naishi Goma, nafanya kazi ya ofisini katika depo ya saruji. Nina wivu. Nalisema mapema ili msipoteze muda kuniambia.

Mke wangu, nimwite Mama Aline, anauza jibini. Wiki ambazo njia iko wazi anapanda milimani Masisi kuinunua kwa wafugaji na kushuka nayo kwa pikipiki ya kukodi. Miaka yote hii anayempandisha ni motard, dereva wa pikipiki, mmoja tu, nimwite Déo. Ni mtu mfupi, mpole, ana familia yake, tunasali naye parokia moja. Hajawahi kunikosea hata neno. Afadhali angenikosea, ningejua pa kumshikia! Nyumbani kwangu jina lake halikosekani mezani. Déo alisema mvua itanyesha. Déo alisema sombe, yaani kisamvu, ya kule juu ni laini. Siku nyingine nilileta sombe mimi mwenyewe kutoka sokoni, ikaliwa kimya, hakuna aliyeisifu.

Juzi juzi mke wangu akasema amechoka kukodi, tununue pikipiki yetu, moto kama tunavyoiita huku Goma, iliyotumika, ndogo, ya kuwezana na kona za Masisi. Nilifurahi sana. Nikajua habari za Déo zimekwisha. Asubuhi tunatoka kwenda kuitafuta, nani yuko mlangoni? Déo. Mama Aline alikuwa amemwomba aje atusaidie kuchagua.

Tulikwenda Ndosho kwa fundi anayetengeneza na kuuza pikipiki kuukuu. Mbili ndizo tulizoziweza. Moja ndogo, kiti cha chini, tangi limekwaruzika, lakini breki zake zinashika na usukani unageuka bila kukwama. Nyingine nyekundu, ndefu, nzito, ukiiwasha mtaa mzima unageuka. Déo alipoikalia ile nyekundu, ncha za viatu vyake tu ndizo ziligusa chini. Hapo hapo nikaipenda.

Fundi alisema pikipiki ya mlimani haichaguliwi uani. Tukaondoka nazo zote mbili, yeye na Déo kwenye nyekundu, mimi na mke wangu kwenye ndogo, hadi pale njia inapoanza kupanda baada ya Sake. Sasa, mimi nimezoea kuendesha mjini, njia imenyooka. Kona ya kwanza niliinama, mke wangu akabaki wima, pikipiki ikayumba, kofia zetu zikagongana. Kona ya pili akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Hakunishika mimi. Nikafoka, "Unaogopa nini? Si niko naendesha muzuri!" Akajibu polepole, "Endesha tu, Papa Aline." Nikageuza.

Kisha Déo akapanda naye kwenye hiyo hiyo ndogo, mimi nikabaki chini nikitazama. Walipofika kwenye kona waliinama pamoja, wakainuka pamoja, kona iliyofuata wakainama upande wa pili, bila kuambizana kitu. Mikono ya mke wangu ilikuwa imetulia juu ya mapaja yake mwenyewe. Hakumgusa Déo hata kidogo. Hakuwa na haja! Angemkumbatia ningepiga kelele na kila mtu angenielewa. Lakini nitamshtaki vipi mtu kwa kuinama? Nimeishi na huyu mwanamke tangu ujana wetu, na sijawahi kumwona akimwamini mtu namna ile. Wivu ulinichoma.

Waliporudi, Déo akasema, "Papa, hii ya kidogo njo muzuri. Kwa kona haisumbue." Nikasema hapana, tunachukua nyekundu, ina nguvu. Nikaanza kueleza mambo ya injini ambayo siyajui, fundi akawa anatazama pembeni. Mke wangu akanivuta kando.

"Papa Aline, unatafuta moto ya kupanda mulima, ao unatafuta moto yenye miguu ya Déo haifike chini?"

Akaenda kwenye ile ndogo, akakusanya kitenge chake, akakaa mbele, mahali pa dereva. Nyayo zake zote mbili zikatua chini vizuri.

"Basi nitaendesha miye mwenyewe. Mutu moja atanifundisha, weye ao Déo. Chagua weye. Hata kama ni Déo, nataka itoke ku kinywa yako."

Tuliinunua. Jumapili nikampeleka uwanjani nimfundishe mimi, mumewe. Nilifoka tangu mwanzo. Nilipopaza sauti akashtuka, akaachia klachi, wakaanguka yeye na pikipiki, goti likachubuka. Akasema si kitu. Uwanjani kweli si kitu, ila kule Masisi kando ya njia ni korongo. Tangu siku hiyo hajapanda mlima, wateja wake wanampigia simu, naye ananingoja mimi niseme.

Kila nikifumba macho namwona Déo amekaa nyuma yake, mikono yao kwenye usukani mmoja, anamwambia, "Inama, mama, sasa inuka." Siwezi. Lakini nikiendelea kumfundisha mimi kwa hasira hizi, siku moja nitaletewa habari mbaya kutoka kule juu. Najua vizuri kabisa ni nani atamfundisha arudi kwa watoto wake mzima. Jina lake ndilo linalogoma kutoka mdomoni.

Hivi naandika, Mama Aline yuko nje anaifuta vumbi ile pikipiki. Ninyi mliooa na mlioolewa, nishaurini kabla hajaingia ndani: nimwambie nini?