Mbwa Aliyemchunga Mchungaji

Kwa miaka mingi Rozália Bódi alikuwa mpishi wa shule pale Karcag, na watu wazima wengi wa mji ule wanamkumbuka kwa jambo moja: hukutoka kwenye chumba chake cha kulia mpaka sahani iwe nyeupe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti iliyofika uwanja wa nyuma bila kupazwa, na aliamini kwamba nusu ya shida za dunia zinatokana na uchafu, na nusu nyingine inatokana na watu kutokula. Wote walimwita Mama Rozi. Hakuwa na mume wala mtoto, na maishani mwake hakuwahi kufuga hata kuku.

Kwa hiyo kaka yake Mátyás, mchunga kondoo, alipofariki, watu walishangaa kusikia kwamba Mama Rozi, aliyekuwa amestaafu majuzi tu, amefunga mizigo na kuhamia shambani kwa marehemu, kule nyikani. Kondoo walikuwa wameshachukuliwa na jirani, Mzee Ambrus, kama marehemu alivyoagiza. Mama Rozi aliachiwa nyumba, kisima, zizi tupu na Dunyha.

Dunyha ni jina la lile shuka nene lililojazwa manyoya ya bata ambalo watu wa kule hujifunika wakati wa baridi, na mbwa yule hakuwa mbali na jina lake. Alikuwa komondor, aina ya mbwa wa kulinda kondoo, dume kubwa lenye dredi mwili mzima, kuanzia kipajini hadi kwenye kucha, kiasi kwamba akilala hujui kichwa kiko upande gani mpaka apige chafya. Kwa asili komondor ni mweupe. Dunyha wakati ule alikuwa na rangi ya maji ya kudekia.

Mama Rozi alimtazama siku nzima kutoka dirishani. Siku ya pili akapandisha mikono ya sweta.

Alianza na kitana. Kitana kikaingia, hakikutoka. Akaleta beseni la bati, sabuni ya mche na maji ya moto, naye Dunyha akaingia mwenyewe bila ubishi, akakaa kama bwana aliyefika kwa kinyozi wake. Mama Rozi akamwaga ndoo ya kwanza. Maji yakapotea. Akamwaga ya pili, ya tatu, na chini hakukuvuja hata tone. Mbwa aliyanywa kwa ngozi, kama mchanga. Alipotoka kwenye beseni alikuwa mnene maradufu, na kila hatua aliyopiga ilitoa mlio wa *chwaa*.

Ilikuwa majira ya kupukutika majani, jua halionekani wiki nzima. Mama Rozi akamweka jikoni karibu na jiko. Joto lilipompata, harufu yake ikaamka. Ilikuwa harufu ya soksi, jibini na kondoo wa zamani. Mama Rozi, aliyekuwa amepika kabichi kwa ajili ya watoto mia nne bila kukunja uso, alitoka nje akampigia simu Tünde, msusi wa mjini.

Tünde alikuja na gari lake dogo, akaminya dredi moja. Maji yakamdondokea kwenye kiatu.

"Mama Rozi, umemwosha lini?"

"Jumatatu."

"Leo Jumatano."

"Najua leo ni siku gani."

"Si ungeuliza mtu kwanza, mama? Hii siyo nywele ya kuosha ukaondoka."

"Ningemuuliza nani? Mbwa mwenyewe hakukataa."

Tünde akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaleta draya mbili za saluni, zile za kusimama, zenye kofia. Zikachomekwa jikoni, zikavuma. Taa za nyumba zikawa zinafifia na kurudi. Dunyha aliipenda kazi ile. Alilala kichwa kikiwa ndani ya kofia ya draya, na alipochoka upande mmoja aligeuka. Jumapili Mama Rozi hakwenda kanisani, kwa sababu tumbo la mbwa lilikuwa bado bichi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kufuatana. Jumatatu mchana, mbwa alipokwisha kukauka, Mama Rozi alimwacha uani akapanda baiskeli kwenda sokoni. Nyuma yake wakaja watu watatu, kila mmoja na lake. Tünde alikuja kuchukua draya zake. Zsombor, kijana wa umeme, alitumwa kuangalia kama mita imeharibika, maana hakuna bibi mmoja anayeweza kula umeme kiasi kile. Na Mchungaji Kálmán alikuja kuuliza kama mama ni mgonjwa, maana hakuonekana ibadani.

Mama Rozi aliporudi aliona magari mawili na baiskeli ya mchungaji nje ya geti, na uani hakuna mtu. Kisha akasikia mtu anakohoa zizini.

Walikuwa wote humo. Mchungaji alikuwa amekaa juu ya nyasi kavu, draya moja aliyokuwa akimsaidia Tünde kuibeba imelala mapajani. Tünde alikuwa anajipaka rangi ya kucha. Zsombor alisimama pembeni na tochi yake. Mlangoni, akiwa ameuziba wote kama mlima wa matambara, alilala Dunyha.

"Mama Rozi," alisema Zsombor kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani, "mwambie mbwa wako mimi ni wa umeme."

"Amekung'ata?"

"Hajaning'ata. Anaegemea."

"Kuingia hana neno," alisema mchungaji. "Amenisindikiza vizuri kabisa mpaka mlangoni. Ni kwenye kutoka ndiko hatujaelewana."

"Mimi nimemwambia nina mteja," alisema Tünde. "Akaniegemea mpaka nikakaa chini. Halafu wingu lilipotanda, akatusukuma humu wote. Na mvua yenyewe haijanyesha."

Mama Rozi akaweka kikapu chini, akatoa ile sauti yake ya chumba cha kulia. "Dunyha, toka hapo." Dunyha akamsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine redioni. Akarudia, kwa ukali zaidi. Mbwa akahema, akalaza kidevu kwenye kiatu cha Mama Rozi.

"Ndiyo hivi hivi ulivyokuwa unatufanyia na ule mchicha," alisema Zsombor.

"Uliula?"

"Niliula. Saa tisa alasiri."

"Basi ndiyo maana ukakua."

Akampigia simu Mzee Ambrus. Mzee alikuja polepole, bomba la tumbaku mdomoni, na hakuingia. Alisimama nje ya geti, akaegemeza viwiko, akatazama kwa muda mrefu.

"Sasa mchungaji kachungwa," alisema.

"Ambrus," alijibu mchungaji, "siku nyingine nitacheka."

"Njoo umtoe," alisema Mama Rozi.

"Nikiingia tutakuwa watano humo, dada yangu. Wewe unamwamrisha kama mbwa wa polisi. Huyu hakulelewa kuamriwa. Akiwa peke yake na kondoo na mbwa mwitu anakuja, nani atampa amri? Anaamua mwenyewe. Mátyás hakuwa akimwamrisha, alikuwa akimwambia tu wanakwenda wapi."

"Na hawa anawafungia nini?"

"Kondoo wake nimewachukua mimi. Ameamka, kazi hana. Sasa kaokota alichokiona."

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu Mama Rozi alikuwa amepika supu ya maharage kwenye sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto, akakaa nayo mezani peke yake, akaila siku nne. Hakumwambia mtu. Aliinama, akazitenganisha dredi za usoni mwa Dunyha mpaka akayaona macho, mawili, ya kahawia, yaliyokuwa yanamtazama kwa adabu.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza.

"Mmoja mmoja hawatoki. Kundi zima likitoka, naye anatoka. Waje kwangu, kondoo wapo malishoni. Mwambie."

Mama Rozi akaona haya kidogo, lakini akasema: "Dunyha, tunakwenda kwa Ambrus."

Mbwa akainuka.

Wakatoka wamebanana, Mama Rozi mbele, mchungaji akiwa bado amekumbatia draya kwa sababu hakuna aliyemwambia aiweke chini. Walipofika kwenye magari Zsombor alijaribu kuchepuka kuelekea kwake. Akaegemewa, akarudi kati. Barabarani basi la mjini likawapita likipunguza mwendo, abiria wote upande mmoja wa madirisha, na dereva akamvulia mchungaji kofia. Mchungaji akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaendelea kutembea katikati ya kundi.

"Usinikanyage, Zsombor," alisema Tünde.

"Sina pa kwenda, dada. Upande huu kuna mbwa."

Malishoni kwa Ambrus kondoo walikuwa wametawanyika. Mmoja mzee, mwenye pembe za kujisokota, akainua kichwa, akalia. Dunyha akasimama. Akatazama kondoo, akatazama watu, akatazama kondoo tena, na kwa kweli ilionekana kana kwamba anapima. Kisha akaondoka kwa hatua za bwana mkubwa, akaingia katikati ya kondoo, wakamzunguka, wakamnusa, naye akajilaza.

Watu wanne wakabaki wamesimama nyasini, wamebanana vile vile ingawa hakuna aliyewalazimisha.

"Yaani hata kutuaga?" alisema Tünde.

Siku ile ile Mzee Ambrus alimrudishia Mama Rozi kondoo wanne wazee, pamoja na maelekezo ambayo aliyarudia mara kwa mara, kwa kuwa alimjua. Dredi hazichanwi, zinatenganishwa kwa vidole tangu kwenye ngozi, la sivyo zinashikana zikawa ubao. Kuogeshwa ni wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na upepo upo. Masikio na katikati ya vidole akaguliwe, maana mbegu za nyasi hujificha humo. Nywele za mdomoni zipunguzwe, asitembee na chakula cha jana.

"Hilo la mwisho nilishalifikiria," alisema Mama Rozi.

Kazi ya dredi haimalizwi na mtu mmoja. Kila Jumanne, saluni ikiwa imefungwa, Tünde huja, wakakaa uani mbwa akiwa katikati yao, wakisengenya mji mzima huku vidole vikifanya kazi. Kitana kilipatikana karibu na bega la kushoto.

Zsombor naye alirudi, ingawa hakukuwa na mita ya kusoma. Aliingia, akasalimia, akatembea hadi getini, akatoka. Akarudi ndani. Akatoka tena, taratibu zaidi. Dunyha alikuwa amelala kando ya kondoo wake, na hakuinua hata kichwa.

"Naona siku hizi hana haja na mimi," alisema Zsombor, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Funga geti uje huku," alisema Mama Rozi. "Shika upande wa mkia, kuna dredi zimeshikana. Na unawe mikono kwanza."

Zsombor akaenda kisimani, akanawa, akamwonyesha Mama Rozi mikono pamoja na kucha, kama enzi za shule.