Visiki Vinne Kwenye Ramani ya Bomba

Matrekta yalitangulia. Yaling'oa miti, yakaacha njia pana, nyekundu, kuelekea Nachingwea. Hapo lingelazwa bomba la kupeleka mafuta kwenye mashine za mashamba ya karanga. Kisha wakaja mpima wa Kizungu na karani wake, kuchora kwenye ramani yaliyoharibiwa na yaliyobaki kandokando. Penye shamba wangepaacha. Penye pori wangepafyeka wapate pa kupanga mabomba.

Shamba letu lilikuwa limepumzishwa mwaka wa tatu, na vichaka vilinipita kimo. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la pili ili nilee wadogo zangu watatu. Mjomba, aliyeishi kijiji cha Nkowe, alikwishasema: tukikosa pa kulima atatugawa kwa ndugu, huyu hapa, huyu kule.

"Binti, hili ni pori," karani alisema, kalamu mkononi.

"Ni shamba, bwana karani. Tazama kisiki hiki cha pembeni. Baba alikiacha kirefu, usawa wa kifua. Ndivyo tunavyoweka mipaka huku."

"Hata tembo huvunja miti."

"Tembo gani anatumia shoka?"

Karani akainama, akapapasa alama za shoka, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akamtafsiria mpima, naye akacheka. Lakini kwenye darubini yake ya miguu mitatu mpima hakuona visiki vingine vitatu vya pembeni. Aliona majani tu.

"Basi simameni juu ya visiki, tuwaone ninyi!" karani akasema.

Mimi na wadogo zangu tulikimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Wadogo walichukua visiki vitatu. Kitindamimba akavua shati akalipepea, akipiga kelele kama aliyeona harusi inapita. Mimi nilikwea cha nne, cha mbali kabisa, na hapo ndipo siafu walipokuwa.

"Binti, tulia! Umeona wapi mpaka unacheza ngoma?"

"Siafu, bwana karani!"

"Dada, vumilia!" wadogo wakapaza sauti, wakicheka hata mmoja akaponea chupuchupu kuanguka.

Nikasimama wima. Siafu walinifika magotini. Niliuma ncha ya kaniki, machozi yakinitoka, na kicheko bado kilikuwa kinanitikisa tumbo. Mpima alipoinua mkono kwamba amemaliza, nilijirusha majanini nikajikung'uta bila kujali nani ananitazama.

Karani alituonyesha karatasi: nukta nne, mstari wa kuziunganisha, na katikati neno moja aliloliandika kwa Kiswahili. Darasa la pili lilinitosha.

"Shamba," nikasoma.

Wadogo wakataka nisome tena. Nikasoma tena, na tena.

Kesho yake tulikwenda Nkowe wote wanne, tukiimba njia nzima. Mjomba alitupokea mlangoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Haya, mnaniachia yupi?"

"Hakuna, mjomba. Tumekuja kuomba mbegu za ufuta."