Ugali Mbichi wa Machimboni

Siku ya kwanza machimboni Geita, Vumilia wa kijiji cha Didia alisonga ugali ukabaki unga katikati. Wachimbaji nao kwa kucheka! Tangu siku hiyo akawa Ugali Mbichi, basi; jina lake halisi hakuna aliyeliuliza. Tajiri mwenye machimbo alikuwa amemwahidi kazi ya duka Kahama, akamleta huku na kumkataza kutoka.

Mwaka 1997 afisa ustawi wa jamii akaja na polisi, kashika barua ya baba yake Vumilia ya kumtafuta mwanawe.

“Vumilia Ngassa yupo?”

“Vumilia? Hapa hayupo, afande,” wachimbaji wakajibu, kwa moyo mweupe kabisa.

Mwenyewe alikuwa kisimani. Aliporudi akakuta vumbi la gari. Wiki ileile tajiri akamhamishia machimbo mengine.

Na kwenu, nani aliondoka kwa ahadi ya kazi kama hiyo? Tuandikieni, jamani.