Chai ya Mlango wa Nyuma

Kufuli ya serikali ilikuwa mlangoni, na bado mtu alibisha.

Mlango wa nyuma.

Hii ni Voi, mwaka wa sabini na tano, kipindupindu kimeingia. Amri ilitoka hoteli zote zifungwe. Hata mandazi ya pale stesheni, marufuku. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzi tu, nasubiri kazi, nakaa kwa shangazi yangu Zipporah, mwenye hoteli.

Shangazi akafungua kidogo. Mzee mgeni, koti limejaa vumbi.

"Mama, nisaidie chai. Naitwa Maundu. Msichana wangu amelazwa na kipindupindu, mimi nalala nje ya geti la hospitali. Mji mzima hakuna pa kula."

"Tumefungwa, mzee."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja nyuma."

Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu tufungwe. Akawasha jiko.

"Kila asubuhi nitakuletea getini, mpaka msichana atoke."

"Shangazi, na leseni?" nikanong'ona.

"Nenda uwaelimishe hao waliotufunga, msomi."

Nikaenda kweli! Nikamweleza bwana afya, yule wa serikali aliyetufungia, kwamba chai iliyochemka haina ubaya, na wanaolala getini ni watu. Alinisikiliza huku akitafuna andazi.

"Sheria ni ya wote, kijana." Akafuta mafuta mdomoni. "Lakini Ijumaa nafungulia waliotii."

Wacha tu. Nilirudi nimefura.

Ijumaa akaja, ufunguo mkononi. Akasita.

"Mama Zipporah, umekuwa ukipika?"

Shangazi akaendelea kupanguza meza.

"Kuna mzee getini amenishika mkono, anakuombea. Eti nikufungulie wewe kwanza, chai yako ndiyo imemweka hai."

Maundu! Alidhani anatusaidia.

Ufunguo ukarudi mfukoni. "Chai ikitoka hapa tena, leseni naichukua."

Nilitaka kulia. Nikaapa yule mzee hapati hata tone.

Kesho yake nikasikia jiko likipulizwa.

"Shangazi! Baada ya alichotufanyia?"

"Msichana ametoka?"

"Bado."

"Basi shika thamosi."

Tukapita mbele ya ofisi ya bwana afya, jua limetoka, kila mtu anatuona.

Leseni ilichukuliwa siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, ile sheria ilikuwa na sababu, ugonjwa ulikuwa unaua. Lakini walioiandika hawakumfikiria anayelala nje ya geti. Shangazi alimfikiria, na gharama ikawa yake.

Asubuhi ile pale getini, Maundu alishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza, "Mmefunguliwa?"

"Kunywa, mzee," shangazi akamwambia. "Itapoa."