Mkasi wa Elwood Corkum

Elwood Corkum alikuwa amepogoa mitufaha katika Bonde la Annapolis maisha yake yote, kwa hiyo alijua kila kitu kuhusu kila mmea uliowahi kuota chini ya jua. Kuuliza hakukuwa kazi yake. Kuuliza ni kwa wale wanaohamia kutoka mjini Halifax na mabuti mapya, wakashangaa kwamba tufaha lina minyoo.

Alipostaafu na kumwachia mpwa wake shamba, mikono ikamwasha kwa kukosa kazi. Ndipo akatangaza kwamba atalima bangi: mimea minne, kama sheria ya huko inavyoiruhusu kila nyumba, kando ya ukuta wa ghala unaopigwa na jua kutwa.

Sababu ilikuwa mkewe, Verna, na hapo tumsifu kidogo, maana nafasi nyingine hatutaipata. Verna alikuwa na baridi yabisi mikononi. Vidole vilivyofungasha matufaha tangu usichana sasa vilikuwa vimevimba na kujikunja, na majira ya baridi yakiingia alikaa macho kwa maumivu. Dawa za hospitali zilimchoma tumbo. Bangi ya dukani ilimzungusha kichwa. Kitu pekee kilichomlaza mwaka uliopita ni siagi aliyoipika na bangi ya jirani yao, Garnet Sabean, aliyompa bure chupa nzima.

Hilo ndilo lililomkera Elwood. Garnet alikuwa fundi mstaafu wa mabasi ya shule, mwenye mkia wa nywele za mvi mgongoni, na Elwood alikwishamhukumu kwa mkia huo siku nyingi.

"Mke wangu hatatumia bangi ya kuombaomba," alisema mezani mwezi wa tano. "Nitakulimia mwenyewe, Verna. Utalala mpaka theluji iyeyuke."

"Sawa, mzee. Ila muulize kwanza Garnet inatunzwaje."

"Nimuulize? Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Una mdomo, sivyo?"

Hakuuliza. Aliipanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, kila pipa na kichanja chake cha waya. Mwezi wa sita akakata ncha za mimea ili itoe matawi ya pembeni, na hapo, kwa bahati tu, alipatia. Kisha akayainamisha matawi taratibu na kuyafunga kwenye waya, kulia na kushoto, yakalala bapa kama baba yake alivyokuwa akilaza mipeasi ukutani. Ilipendeza, kusema kweli. Watu walipunguza mwendo wa magari kutazama, na Elwood akaanza kuwa na shughuli nyingi nje kila gari lilipopita.

Halafu kamati ya maonyesho ya mavuno ikaongeza shindano jipya, kati ya jamu za wazee na maboga makubwa: mmea wa bangi uliotunzwa nyumbani vizuri kuliko yote. Elwood aliposikia hayo, Verna alitoka kichwani mwake na utepe wa bluu ukaingia. Wala hakujua kwamba wamebadilishana nafasi.

Mwezi wa nane mimea ilianza kutoa maua, vinywele vyeupe kwenye kila kifundo. Garnet alikuja uani na kikapu cha mamung'unya, maana mwezi huo hakuna mtu bondeni asiyemsukumia jirani yake mamung'unya. Alimkuta Elwood juu ya ngazi, mkasi unalia, na chini majani na vichipukizi vimelala rundo.

"Mzee, unafanya nini?"

"Naingiza mwanga."

"Unaingiza mwanga au unanyonyoa kuku? Hayo majani makubwa ndiyo yanayoulisha. Na hivyo vitawi unavyotupa ndivyo vyenye maua!"

"Vinaharibu umbo."

"Umbo! Ungekata mwezi wa sita, sawa, nisingesema kitu. Sasa iache. Funga matawi yasivunjike, basi, ukae mbali nayo."

Elwood alimtazama kutoka juu ya ngazi, mahali alipopenda sana kumtazamia mtu. "Garnet, umewahi kupogoa mtufaha?"

"Sijawahi."

"Basi."

"Mtufaha ukiukosea una mwaka ujao, bwana Corkum. Huu hauna. Baridi ikija, umekufa. Chote utakachopata ni hicho kilicho mbele yako."

Maneno hayo yangemsaidia mtu mwingine yeyote. Elwood aliyapokea pamoja na mamung'unya, akaviweka vyote pembeni, akaendelea kukata. Verna alikuwa barazani akihangaika kumenya maharagwe kwa vidole vile. Aliona kila kitu. Elwood alidhani amevutiwa.

Mimea ya Garnet ng'ambo ya uzio ilikuwa aibu tupu. Ilinenepa ovyo, imefungwa kwa kamba za viatu na soksi za nailoni za marehemu mkewe, matawi yameelemewa na maua mpaka yamepigiwa mihimili ya vijiti vya ufagio. Elwood aliihurumia.

Alishinda, bila shaka. Mwamuzi alikuwa mama mmoja wa chama cha waridi aliyeogopa hata kuunusa mmea, lakini umbo alilijua. Alisema hajaona mmea wenye adabu kama ule. Elwood alipigwa picha karibu na pipa lake, utepe wa bluu kifuani, akarudi nyumbani akiendesha polepole katikati ya kijiji.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na mavuno. Elwood alikata mimea yote minne, akaining'iniza ghalani, ikakauka. Akaichambua mezani kwa uangalifu mkubwa. Yote pamoja, fahari ya kiangazi kizima, iliingia kwenye kikombe cha chai, na nafasi ya maziwa ikabaki. Verna aliipika na siagi. Ikawa siagi nzuri sana ya kupaka mkate, ila ya kumlaza mtu haikuwa.

Jumamosi iliyofuata kukawa na baridi kali ya kwanza. Verna alikwenda kutoa chungu cha maharagwe kwenye oveni, kama kila Jumamosi, akashindwa kukinyanyua. Akakaa. Elwood alikitoa yeye. Verna akaunyoosha mkono ukutani, akauchukua utepe wa bluu uliotundikwa hapo, akauzungusha polepole kwenye vidole vyake vilivyovimba.

"Tuone kama unapoza," akasema.

Elwood aliona haya, tena haya kweli, zile zinazopanda mpaka masikioni. Alivaa koti akaenda kwa Garnet, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuza kitu ambacho hata yeye asingekinunua.

"Ni Verna," akasema. "Mikono yake. Nilikuwa naomba..."

Garnet hakumngoja amalize. Alikwenda kabatini akarudi na chupa ya jamu iliyojaa bangi kavu mpaka shingoni. Elwood aliijua chupa ile. Ilitoka jikoni kwake.

"Alikuja nayo mwezi wa nane," Garnet akasema. "Ile siku ya mkasi, ulipoingia kuoga. Akaniambia, nijazie hii, lakini usiilete. Mwache aje mwenyewe."

"Tangu mwezi wa nane?"

"Ukiwa bafuni, bwana Corkum. Hata hujakausha nywele."

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, na Elwood aliitembea kwa muda mrefu. Utepe, picha, yule mama wa waridi, na siku zote hizo mkewe alikwishaacha kumtegemea, akimpikia na kumpigia makofi. Hilo lilimuuma kuliko kikombe cha chai.

Aliiweka chupa mezani mbele ya Verna. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwezi wa tano. Baadaye nikaona nisipoteze pumzi."

Verna akajaribu kufungua kifuniko. Vidole vikateleza, akajaribu tena, vikakataa. Akaisukuma chupa upande wa pili wa meza.

"Haya, bingwa. Hii haihitaji mkasi."

Elwood akafungua. Akachukua sufuria, akaiweka jikoni.

"Verna," akasema, "siagi inawekwa kiasi gani?"