Mama Mpira na Mdogo Wake

Wanawake waliojiuza nyuma ya baa walimbandika jina la Mama Mpira, maana mkoba wake haukukosa kondomu. Watoto wa mtaa hawakuelewa. Walimkimbilia wakitaka mpira wa kuchezea, naye akawaambia wake ni wa wakubwa.

Hakuwa mgeni aliyeletwa na semina. Kazi ya wanawake wale aliijua, na mambo yakimbana bado aliifanya. Ila asubuhi alipita mlango kwa mlango kwa niaba ya kliniki, akigawa kondomu na vipimo vya UKIMWI vya mate, akiwahimiza wenzake wasiache vidonge vya kinga. Walimheshimu, lakini hakuna aliyemwambia, "Karibu ukae." Ukionekana naye sana, watu walisema umeshaukwaa. Alipokelewa mlangoni, akashukuriwa mlangoni. Kwao nako walimzika akiwa hai: tangu mdogo wake aolewe, hakuna aliyemjulia hali.

Kwa hiyo mchana mmoja alipomkuta mdogo wake mlangoni kwake, mtandio umemfunika hadi puani, alishtuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Mama mzima." Akaingia haraka kabla ya kukaribishwa. "Nasikia una vipimo. Nimeona kopo la dawa kwenye begi la mume wangu. Limebanduliwa karatasi ya jina la dawa."

Mama Mpira alitoa kipimo kimoja mkobani. Alimwonyesha jinsi ya kupitisha kijiti kwenye fizi, kisha kukitumbukiza katika kichupa. Wakakaa kitandani bega kwa bega, kama walivyolala utotoni, wakisubiri. Ulitokea mstari mmoja.

"Huna," alisema. "Lakini hii si tiketi ya kulala usingizi. Utarudia kupima baada ya miezi mitatu. Kliniki watakupa vidonge vya kinga. Na kondomu utumie."

"Ataniuliza nimeitoa wapi."

"Mimi mteja akikataa, namfungulia mlango atoke."

"Wewe mlango ni wako," mdogo wake akasema. "Mimi mwenye nyumba ni yeye."

Mama Mpira akainuka, akachukua ufunguo wa mlango.

Walikwenda kliniki siku ileile. Mdogo alitangulia, mkubwa alifuata kwa mbali kama hawajuani. Kwenye benchi waliachiana nafasi ya watu watatu. Mdogo aliitwa, akakaa ndani kitambo, akatoka ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Alipompita dada yake aliyumba kidogo, kama aliyejikwaa, akamshika bega. Mkono ukakawia pale. Kisha akaenda zake, bila kugeuka.

Muuguzi akachungulia. "Na wewe mama, umemsindikiza nani leo?"

"Sina mtu," alijibu Mama Mpira. "Nimekuja kuchukua kondomu."