Miti Mizuri ya Mama Viriba

Walimwita Mama Viriba kwa sababu hakuwahi kuuona mfuko wa nailoni akaupita. Wa maziwa, wa chumvi, wa sukari, uwe umetupwa uwanjani kwa mtu au umekwama kwenye uzio, yeye atainama, ataukung'uta, atautia mfukoni. Jioni atautoboa kitako, ataujaza udongo mweusi na samadi, tayari ni kiriba, na humo utakaa mche. Majirani walimcheka wakachoka. Na yeye aliwajibu kwa kucheka, maana alikuwa mtu wa kucheka siku hizo.

Kazi ile aliijulia kwenye kitalu cha miti ya mbao, alikofanya kibarua tangu usichana wake. Kule mti ulipimwa kwa kitu kimoja tu, shina. Limenyooka? Limenenepa? Halina kidonda? Basi huo ndio mti mama, kateni vipandikizi hapo hapo, mingine achaneni nayo. Hakuna aliyeuliza kama mti unazaa au hauzai. Ubao unazaa nini? Mama Viriba aliyashika mafunzo hayo barabara, na ndiyo yaliyokuja kummaliza.

Mumewe alifariki wakiwa hawajajaliwa mtoto. Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaanza kulipima shamba kwa macho. Na shamba lenyewe, jamani! Korongo la mawe chini ya nyumba ya mama mkwe, hata mbuzi walikuwa wakipita pale kwa haraka. Lakini lilikuwa na jina la marehemu, na hilo lilimkera shemeji. Yeye alikuwa mlinzi wa msitu, na sare yake, na buti zake, na bunda la funguo linalogonga pajani. Msitu ulifungwa kwa raia. Aliyeingia na kutoka apendavyo ni yeye.

Wakaitisha kikao cha ukoo. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake cha kamba, amejifunga shuka, kifua kinakoroma. Ugonjwa wake ulikuwa wa zamani, na dawa iliyomtuliza ilikuwa moja, mbegu za mti fulani wa mle msituni, zinasagwa, zinachemshwa, anakunywa. Shemeji ndiye aliyezileta, kiganja kimoja kimoja, kwa maringo utadhani anatoa figo.

"Shemeji, sisi hatuna ubaya na wewe," alianza, na ukisikia mtu anaanza hivyo, shika mzigo wako. "Wewe si ni fundi wa miche? Panda ule mti wa kifua cha mama pale korongoni. Siku mti utakapozaa, shamba ni lako mpaka kufa kwako. Usipozaa, utafunga mizigo urudi kwenu."

Kwenu wapi? Wazazi wake walishakufa, na kaka yake alishauza nyumba akapotelea huko. Kila aliyekaa pale alilijua hilo. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali, wazee wakasema haya, limepita.

Mama Viriba akapiga moyo konde. Alianza na mbegu. Akaziloweka, akazikwaruza maganda, akazifukia kwenye mchanga, akasubiri. Hola! Shemeji alikuwa akimletea zilizokaushwa juani, zimekufa tangu zamani.

"Shemeji, hizi hazina uhai," akamwambia. "Niletee vipandikizi. Ila tafadhali usinikatie huku na huku. Nitafutie mti mama mmoja, ulionyooka, mnene, hauna kidonda."

Shemeji akatabasamu. Mimi sipendi kumficha mtu jambo, kwa hiyo nalisema sasa hivi. Miti ile ina dume na jike, kama mipapai. Jike huzaa, na kuzaa kunalichosha. Matawi yanaelemewa na matunda yanakatika, nyani wanalirarua, shina linapinda, ukiliona unalihurumia. Dume kazi yake ni kutoa maua na kunenepa. Mlinzi wa msitu aliyapita yote mawili kila siku ya Mungu. Na mwanamke wa watu, kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa ameagiza dume!

Si kwamba alimkatia tu vijiti kimya kimya. Alimfungulia geti akampeleka hadi pale, ajionee. Mama Viriba aliuzunguka mti, akaupapasa shina, akautazama kuanzia chini hadi kwenye matawi ya juu.

"Huu ndio wenyewe," alisema. "Mungu akubariki, shemeji."

"Amina," akajibu. Amina! Kuna watu hawaogopi hata neno hilo.

Basi akafanya kazi, tena kazi ya watu kumi. Alivikata vipandikizi mshazari chini ya jicho linalochipua, akapunguza kila jani nusu lisinywe maji yote, akavichomeka kwenye mchanga uliooshwa, akavifunika kwa nailoni hadi ndani kukawa na jasho. Vingi vilioza. Vilivyobaki vikatoa mizizi myeupe, myembamba kama uzi, akavihamishia kwenye viriba vyake vya maziwa na chumvi. Huko korongoni alipasua mawe kwa nyundo, akajenga kingo kuzuia maji ya mvua, akabeba udongo kichwani. Wakati wa kiangazi alichota maji mtoni kwa ndoo, mche baada ya mche, na ukifa mmoja aliulilia kweli, hakuona haya.

Na huyo ni wa mchana. Usiku alikuwa wa mama mkwe. Alimwogesha, akamkanda mgongo, akamwinua pumzi ilipobana, akamchemshia zile mbegu kwa kipimo chake. Zikipungua hazifanyi kitu, zikizidi moyo unakwenda mbio. Kipimo hicho alikigundua mwenyewe kwa kuonja. Alimpenda bibi yule. Hakuwa na mama mwingine.

Miaka ikaenda. Miti ikasimama mistari kwa mistari, mashina yamenyooka, na chini yake udongo ukawa mweusi, laini. Shemeji alipita kila mara, akaegemea uzio na kumvisha kilemba cha ukoka. "Nani kama wewe, shemeji? Korongo limekuwa bustani!" Mama Viriba alifurahi kama mtoto. Kumbe mwenzake alikuwa anatazamia kiwanja cha kujenga.

Mwaka miti ilipotoa maua, alikimbia nyumba hadi nyumba. "Njooni mwone! Imechanua!" Watu wakaja kweli, maana maua yalikuwa mengi ajabu, vishada vimening'inia, nyuki wanavuma. Katika waliokuja alikuwemo muuza dawa za miti shamba wa sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti. Akachuma kishada, akakipasua kwa ukucha, akachuma cha mti wa pili, wa tatu, akahamia mstari mwingine. Halafu akaanza kucheka, tumbo linatikisika.

"Mama wee! Haya yote ni madume! Umefuga madume matupu humu ndani!"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama anatafuta wachumba. Mwingine akasema mjane amepata waume wa kutosha. Kuanzia siku hiyo jina la viriba likafa, akaitwa Mama Madume, hadi watoto wakitoka shuleni wanamwimbia njiani. Yeye alibaki pale ameshika kishada, maua yanamdondokea kichwani. Alikuwa anaukumbuka ule mti, na mkono wake mwenyewe ukiupapasa.

Lakini fundi ni fundi. Kulipokucha alikuwa amepata njia. Akamfuata shemeji getini.

"Nikatie matawi machache ya jike, lililokwisha kuzaa. Nitayapandikiza juu ya haya mashina yangu. Msimu wa pili au wa tatu yatazaa, nakuapia."

"Msitu umefungwa, shemeji," akasema, akizichezesha funguo. "Kukata mti ni kosa. Mimi nina ajira yangu."

"Na ulipokata ya kwanza?"

"Ya kwanza uliagiza mwenyewe. Nilikuongezea au nilikupunguzia?"

Alirudi nyumbani mbio, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe. Kikao cha kuamua habari ya shamba kilikuwa Jumapili. Neno la mama lingetosha, nani angelipinga?

"Mama, niombee muda kidogo tu. Mtoto wako amenidanganya. Alijua kuwa ni dume tangu mwanzo."

Bibi akavuta pumzi, ikapiga filimbi, akaiacha itoke polepole.

"Na mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Aliniambia siku ile ile mliyotoka msituni. Tulicheka sana." Akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Ungejua mapema ungeondoka. Nani angeniinua usiku?"

Mama Viriba akashika mguu wa kiti.

"Na sasa nikiondoka?"

"Sasa shemeji yako anaoa. Anajenga hapo korongoni, pamekuwa pazuri. Mkewe atanitunza." Halafu, bila hata kubadilisha sauti, "Maji yangu yamepoa. Yapashe."

Na akayapasha! Hilo ndilo linaloniuma mimi. Alikwenda jikoni, akawasha moto, akayapasha, akamletea kikombe kwa mikono miwili, huku machozi yanamtiririka hadi shingoni.

Jumapili mama mkwe aliulizwa, akasema, "Miti haikuzaa." Kikao hakikuchukua hata muda wa chai kupoa.

Aliondoka asubuhi iliyofuata, na sanduku lake moja. Hakukata mti hata mmoja, hakutukana. Alikuwa amefika njia panda, anasubiri gari, aliposikia buti zinakuja mbio na funguo zinalia. Shemeji alikuwa bila kofia, shati limechomoka.

"Shemeji! Shemeji, mama amebanwa! Midomo inageuka rangi! Mbegu ninazo, hizi hapa," akafungua kiganja, zikamwagika nyingine chini, "unatia ngapi? Unachemsha kiasi gani?"

Mama Viriba akaziangalia zile mbegu.

"Muulize mama," akasema. "Mama anajua mambo mengi."

"Hawezi kusema! Pumzi hana!"

"Basi atanyamaza. Mbona amezoea?"

Yule mwanaume akapiga magoti barabarani, sare yake yote vumbi, akamshika pindo la gauni analia. Jibu lilikuwa mdomoni mwa Mama Viriba kabisa, kiganja kimoja, zisagwe, zitokote mpaka maji yawe mekundu, anywe kidogo kidogo. Lingemchukua pumzi moja kulisema. Gari likafika, kondakta akauliza kama anapanda. Akalivuta gauni lake mikononi mwa shemeji, akainua sanduku, akapanda.